Machela Isiyomwangusha Mtu

Mvua za Desemba zilipoanza, watu wa mto wetu hawakuwa na habari nyingine ila kokwa. Kokwa hizi hukomaa ndani ya matufe magumu kama nazi, juu kabisa ya miti mirefu ya msituni. Mvua ikishika, matufe huanguka. Ndipo familia hufunga nyumba na kwenda kuyaokota, wiki mbili hata tatu.

Asubuhi moja Iracilda alikuwa jikoni akikaanga unga wa muhogo. Mumewe, Odenir, alikaa mlangoni akinoa panga. Kila alipoinama, alikunja uso.

"Ni mgongo?" Iracilda aliuliza.

"Mgongo gani? Hili panga ndilo butu."

Iracilda hakucheka. Mwaka uliotangulia kamba ya machela ya Odenir ilikatika wakiwa msituni. Machela ni kitanda cha kitambaa kinachotundikwa kati ya miti miwili. Msituni hakuna kulala kwingine, maana chini kuna maji, nyoka na siafu. Odenir alianguka chali juu ya mzizi. Walimrudisha nyumbani kwa mtumbwi, siku mbili, akilia kama mtoto. Muuguzi alimwambia: "Mfupa haukuvunjika. Lakini ukianguka hivyo mara ya pili, sijui kama utatembea."

"Mwaka huu tunanunua machela mpya," Iracilda alisema.

"Nunua. Lakini mimi sijui kuchagua. Kwangu zote ni kitambaa na kamba."

Hata Iracilda hakujua. Jumamosi alikwenda mjini, akasimama dukani akizitazama machela ishirini zilizotundikwa. Nyingine nzito, nyingine nyepesi, nyingine zimesukwa kama wavu. Akachanganyikiwa.

"Mama, chukua hii ya wavu," muuzaji alisema. "Hii inabeba ng'ombe."

"Mimi nitamlaza mume, si ng'ombe. Mvua je?"

"Mvua hupita katikati ya matundu. Haikai."

Maneno yale yalionekana yana akili. Iracilda akainunua, pamoja na kamba nyembamba ya buluu na turubai dogo.

Jumapili akaja Valdecir, ndugu yake Odenir, mtu asiyekosa neno. Wakaitundika machela nyuma ya nyumba, kati ya nguzo mbili.

"Kaza!" Valdecir alisema. "Kaza mpaka iwe kama ngoma. Ikilegea itamkunja mgongo."

Wakaikaza. Odenir alipanda taratibu. Hakuwahi hata kunyoosha miguu. Machela iligeuka, naye akaonekana upande wa pili, akiwa ameshika kamba kwa mikono miwili.

"Hii si machela, ni punda!" alipiga kelele.

Valdecir alicheka mpaka akakaa chini. Iracilda hakuelewa. Ikilegea inamkunja. Ikikazwa inamtupa. Sasa mtu afanyeje?

Wakajaribu tena, Odenir akafanikiwa kulala. Mbu wakamuuma mgongoni kupitia matunduni. Kisha mvua ikanyesha. Turubai lilikuwa juu yake, halivuji hata tone. Lakini baada ya muda mfupi Odenir aliita, "Ira! Makalio yangu yameloa!"

Iracilda alikuja mbio. Akagusa turubai kwa ndani: kavu. Akagusa machela: imelowa chapachapa.

"Maji yametoka wapi?"

"Unaniuliza mimi? Mimi ndiye niliyeloa!"

Walisimama pale wanatazamana. Juu pakavu, chini maji. Valdecir aliyejua kila kitu alikuna kichwa, akasema ana kazi kwake, akaondoka.

Siku ya tatu boti ya afya ilitia nanga. Aliyeshuka ni Marlucia, mfanyakazi wa malaria, ambaye hupima damu za watu wa vijiji vya mtoni na kambi za msituni. Mwanamke huyu hulala kwenye machela miezi minane kwa mwaka. Alipomaliza kumchoma Odenir kidole, aliona ile machela nyuma ya nyumba.

"Nani kaitega hii?" aliuliza. "Mnawinda nguruwe?"

Iracilda akamweleza yote, moja baada ya jingine. "Dada, kila mtu ananiambia lake. Mimi sielewi tena. Nataka tu asianguke."

Marlucia akaweka mkoba wake chini. "Huna kosa. Tuanze na maji. Mvua inapiga nguzo, au mti huko msituni. Maji yanateremka, yanashika kamba, yanatembea juu ya kamba mpaka kitandani. Turubai haliyaoni."

Akatoa vipande viwili vya uzi mfukoni. Akafunga kimoja kila upande wa machela, kwenye kamba, chini ya turubai, kikaachwa kining'inie. Akamimina kikombe cha maji juu ya kamba. Maji yalitembea mpaka kwenye uzi, yakateremka nao, yakadondoka chini. Hata tone moja halikufika kitandani.

Odenir alitazama uzi, akamtazama mkewe. "Uzi tu?"

"Uzi tu, kaka. Sasa kukaza. Ukiikaza kama ngoma, kamba inavutwa kwa nguvu nyingi kuliko uzito wako. Ndiyo maana ile yako ya mwaka jana ilikatika. Tazama paa la nyumba yenu. Kamba iteremke kama mteremko ule."

"Lakini ikilegea inanikunja mgongo!"

"Kwa sababu unalala katikati kama ndizi. Lala mshazari. Kichwa kona hii, miguu kona ile."

Akamfungulia machela yake mwenyewe, akaitundika. Odenir alikaa kwanza, nyayo zikagusa ardhi kama aliyekaa kitini. Kisha akalala mshazari. Akafumba macho.

"Umeumia?" Iracilda aliuliza kwa hofu.

"Hapana. Ninautafuta mgongo. Hauumi."

Iracilda aliipapasa machela ile kwa vidole. Ilikuwa ya nailoni iliyofumwa kwa kubana, tabaka mbili chini ili mbu wasifikie ngozi. Mshono ulirudiwa mara mbili. Ilikuwa na chandarua chake. Haifungwi mtini kwa kamba, bali kwa mikanda yenye upana wa vidole vitatu.

"Kwa nini si pamba?" aliuliza. "Mama yangu alilalia pamba maisha yake yote."

"Nyumbani pamba ni tamu. Msituni ikiloa haikauki, na inaoza. Na kamba ya buluu jua huila. Kwa macho ni nzima, ndani imekufa. Turubai nalo liwe kubwa, lipite machela kila upande. Na kabla ya kwenda, ijaribuni hapa nyumbani, mkae wawili kwa pamoja."

Iracilda akairudisha ile ya wavu. Muuzaji alinung'unika, lakini akambadilishia kwa ya nailoni yenye mikanda mipana.

Baada ya wiki moja walikuwa msituni. Odenir akaona miti miwili mizuri, minene, penye uwazi. "Hapa," alisema, akaanza kufungua mkanda.

Iracilda aliinua macho. Aliona matawi, majani, na ukungu. Hakuwa na uhakika. "Ngoja. Huu wa kushoto ni mti gani?"

"Mti ni mti, Ira. Nimechoka."

"Odenir, toka hapo."

"Unanichanganya bure..."

Kitu kilipasua majani juu. Tufe la kokwa lilishuka na kuzama kwenye tope, hatua mbili kutoka kwa Odenir. Uzito wake ulizidi kilo moja. Odenir akakunja mkanda wake polepole, wakatembea mbali na miti ya kokwa. Wakachagua miti miwili hai, minene kama paja, isiyo na tawi kavu juu wala sisimizi kwenye gome.

Mvua ilinyesha siku tatu mfululizo. Asubuhi ya nne Valdecir alitokea kutoka kambi yake, ameloa toka nywele mpaka vidole, macho mekundu. Odenir alikuwa tayari amejaza kikapu cha kwanza.

"Ninyi mmekauka," Valdecir alisema. "Mmekaukaje?"

"Ni huu uzi," Iracilda alianza. "Na paa la nyumba. Yaani si paa, mteremko wake. Na usilale kama ndizi..."

"Ndizi? Shemeji, sikuelewi."

"Mimi mwenyewe nilipoambiwa sikuelewa. Vua shati hilo. Lala hapo ujionee."

Valdecir alikaa, nyayo zikagusa chini. Akalala mshazari, kama alivyoonyeshwa. Akafungua mdomo kubisha, kama kawaida yake. Akakoroma.