Aliyeitwa Radi

Kitu cha kwanza kilikuwa harufu. Navalayo alikuwa amekaa kitandani akimnyonyesha mwanawe, alasiri moja ya mwaka wa kwanza baada ya Uhuru, akasikia harufu ya dawa ya kuchua misuli, ile kali inayowasha pua, ambayo mumewe hujipaka kabla ya mechi. Akadhani Joash ametoka kazini mapema. Akaita. Kimya. Sebuleni hapakuwa na mtu. Mlango ulikuwa umefungwa kwa ndani, na chupa ya dawa ilikuwa kabatini, imezibwa vizuri.

Alipomrudishia mtoto macho, mtoto alikuwa ameacha titi. Hakulia. Alitazama ukuta, juu ya bega la mamake, kama anayemtazama mgeni.

Navalayo alishtuka kuliko ambavyo mama mwingine angeshtuka. Alikuwa ameshazika watoto wawili, na huyu wa tatu, mvulana, alikuwa hajapewa hata jina la wazee.

Kesho yake, saa kumi, ukaja mpira. Pu. Kimya. Pu. Ulikuwa unagonga ukuta wa nyuma wa nyumba yao pale Amalemba, upande ambao mahindi yameota mpaka karibu yaguse dirisha, mahali ambapo mtu hawezi hata kugeuka, sembuse kupiga mpira. Navalayo alitoka na mtoto kifuani. Hakuna bua lililovunjika. Lakini ukutani, kwenye chokaa nyeupe, kulikuwa na alama za matope, za mviringo, bado zinachuruzika maji, ilhali mvua ilikuwa haijanyesha.

Tangu siku hiyo, kila ifikapo saa kumi mtoto alikataa titi, na kila siku alichelewa zaidi kulirudia. Mashavu yakaingia ndani. Daktari alimpima, akampima tena, akasema haoni ugonjwa. Kasisi akaomba. Mpira ukaendelea.

Joash, aliyekuwa karani wa serikali na nahodha wa timu ya mjini, alimtumia mamake habari. Mama Teresa akaja kutoka Lugari, ambako wazee walikuwa wamepata shamba kwa mzungu aliyeondoka. Alimtazama mjukuu wake mara moja tu, hata kabla ya kukaa.

"Huyu anaitisha jina," alisema. "Kuna mtu wa zamani anayetaka kuitwa ndani yake. Mlingoja nini?"

"Mama, tumebatizwa," Joash alisema kwa sauti ya chini.

"Hata mimi nimebatizwa. Leta kuku."

Alasiri hiyo Mama Teresa alimpakata mtoto, akaanza kuwaita wafu wa ukoo wa Joash, mmoja baada ya mwingine. Mtoto anayetaka jina hunyamaza au huchukua titi jina lake linapotajwa. Huyu hakuchukua. Bibi aliita mababu, akaita ndugu zao, akaita hata mtu aliyepotea Bama, katika vita vya pili vya dunia. Nje kukawa giza la mvua ya mawe. Mawe yalipoanza kupiga bati, mpira nao ukaanza kupiga ukuta, na katikati ya kelele zile wote watatu wakasikia watu, watu wengi sana, kama uwanja mzima umesimama ndani ya mahindi, wakiita neno moja: Radi! Radi! Radi!

Joash alishika kiti.

"Kulikuwa na mtu," alisema mvua ilipopungua. "Wazee wa mpira humtaja. Winga wa kushoto. Wanasema ndiye wa kwanza huku kwetu kulipwa kwa kucheza mpira tu, si kazi nyingine. Kampuni moja ya madini ilimchukua mpaka Kongo, kabla ya vita. Huko akafa. Walimwita Radi."

"Jina lake?" Navalayo aliuliza.

"Hakuna anayejua. Watu hubishania hapo hoteli ya chai. Mwingine anasema alikuwa Mnubi, mwingine anasema Mganda."

"Si wetu," alisema Mama Teresa. "Basi amefuata nini hapa?"

Joash alimeza dini yake, akapanda baiskeli kwenda Mumias kumleta Mwalimu Osundwa, mzee wa Kiislamu aliyejulikana kwa kusomea wenye majini. Mwalimu alitoa salamu mlangoni, akavuka kizingiti, akasimama. Alikataa kiti. Alinusa kama anayenusa maziwa yaliyoharibika.

"Wako wawili," alisema polepole. "Mmoja ni mtu, maiti aliyezikwa ugenini bila kuombewa, bila hata kutajwa. Huyo hana ubaya, anataka kwao tu. Lakini mtu akiachwa hivyo ni kama nyumba isiyo na mlango. Kuna jini ameingia humo, na sasa anatembea kwa miguu ya yule maiti. Nikisoma, namsomea maiti. Jini amejificha nyuma yake."

"Tufanye nini, Mwalimu?" Navalayo alimuuliza.

"Mwiteni maiti kwa jina alilopewa na mamake. Akiitika, atamwacha jini wazi. Hapo mniletee mtoto." Kisha akageuka tena. "Na msibahatishe."

Lakini mwenye mtoto anayekauka atawezaje kutobahatisha? Joash aliomba ruhusa kazini, akawa anazunguka. Alimwendea kila mzee aliyewahi kushika filimbi au kufunga kamba za viatu vya mpira. Mmoja alimwapia kwamba Radi alikuwa Sifuna, kijana wa upande wa Kitale, kwamba alimjua kwa macho. Joash alirudi akikimbia. Saa kumi walimwita Sifuna. Mpira ulipiga mlango kwa nguvu hata komeo la chuma likapinda, na mtoto akatapika maji meusi.

Mwingine alisema alikuwa George, kijana wa misheni. Walikaa usiku kucha wakibishana kama walitaje au la, Mama Teresa akisema wasithubutu, Joash akisema tukikaa kimya si tunamuua pia? Walilitaja. Safari hii ukuta haukugongwa. Mtoto alifungua kinywa akalia, uso ukakunjamana, machozi yakatoka, kifua kikapanda na kushuka, lakini hapakutoka sauti hata ya mbu. Ilikuwa imechukuliwa. Na nje, ndani ya mahindi, ule umati ulicheka.

Kuanzia hapo Joash hakutaka kusikia jina lingine. Mtu mmoja alipomwambia kwamba golikipa wa zamani wa timu ya Radi bado yu hai, kipofu, karibu na stesheni ya Butere, alimweleza mkewe huku ameinamisha kichwa, kama anayeungama.

"Mimi siwezi tena, Navalayo. Nikikosea mara ya tatu nitakuwa nimemuua kwa mdomo wangu."

Navalayo alimfunga mtoto mgongoni, na asubuhi akaondoka.

Mzee Barnaba alikuwa amekaa nje ya nyumba yake akimenya kunde juani, vidole vyake vyote vimepinda kwa mipira ya miaka mingi. Navalayo alimsalimu, akaulizwa ametoka wapi, akakaribishwa, akaeleza. Alieleza vibaya, akianzia katikati, akirudi nyuma, akilia. Mzee alimsikiliza huku vidole vimesimama.

"Radi," alisema. "Niliishi naye chumba kimoja. Lakini binti, sisi wenyewe tulimwita Radi. Nilijua jina lake wakati huo, ndiyo. Limeniponyoka. Mimi hata majina ya wajukuu yananiponyoka."

"Babu, jaribu. Nakuomba."

"Ukilazimisha nitakupa la uongo."

Navalayo alipiga magoti mbele yake. Mtoto mgongoni alikuwa mwepesi kama nguo iliyokauka.

"Sauti yako," mzee alisema ghafla. "Ulivyosema 'nakuomba'. Wewe ni mtoto wa nani?"

"Sina watu, babu. Mama alikufa nikiwa mdogo, nililelewa misheni. Aliitwa Ayuma. Hilo tu ndilo nililoachiwa."

Kipofu alinyoosha mkono, akamgusa kichwani, akauondoa kama amegusa jiko.

"Ayuma! Mimi nilimtaka Ayuma. Nilipeleka wazee kwao, wakakataa. Ndiye dadake Radi! Siku ile tulipomsindikiza hapo stesheni, gari moshi lilipoanza kwenda, sisi tulipiga kelele Radi, Radi, lakini yule msichana alikimbia kando ya behewa akimwita jina la nyumbani. Mimi nilikuwa namtazama yeye tu, sikumtazama ndugu yake. Alikuwa akilia akisema, Shitanda, usinisahau. Shitanda!"

Navalayo alibaki chini palepale. Siku zote zile walikuwa wameita wafu wa Joash, kumbe aliyekuwa akigonga ukuta ni mjomba wake mwenyewe, ndugu wa mamake, aliyevuka nchi mbili kumtafuta mtu wa mwisho wa damu yake.

Alitaka kulitaja jina hapohapo. Akajizuia kwa kuuma mkono. Jua lilikuwa limeshapinda, na Mumias haikuwa mbali. Alikimbia, akatembea, akakimbia tena, kati ya miwa, na kando yake, ndani ya miwa, kitu kilikimbia naye kwa hatua nzito za viatu vya mpira vyenye njumu, akisimama kinasimama, akiendelea kinaendelea, na wingu jeusi likawa linamfuata kwa nyuma kama shuka linalovutwa.

Mwalimu Osundwa alimpokea mlangoni bila swali, akawaketisha kwenye mkeka, akafukiza ubani, akaanza kusoma. Mvua ikashuka. Harufu ya dawa ya kuchua ikajaa chumbani hata macho yakawawasha.

"Sasa," Mwalimu alinong'ona. "Mwite. Umwite kama mtu wenu."

"Shitanda," Navalayo alisema. "Mjomba Shitanda. Mimi ni mtoto wa Ayuma. Hakukusahau. Njoo nyumbani."

Mtu alishusha pumzi chumbani, pumzi ndefu, ya aliyetua mzigo. Hatua za njumu zilipita kando ya mkeka, polepole, zikachechemea kidogo, zikatoka nje kwenye mvua, zikapotea. Harufu ya dawa ikatoka nazo. Mtoto akatoa sauti, sauti yake mwenyewe, nyembamba, akalia kilio cha njaa, na Navalayo akacheka na kulia akimtafutia titi.

"Bado," alisema Mwalimu. "Usimnyonyeshe bado."

Kwa maana nafasi ya harufu ile ilikuwa imechukuliwa na nyingine, ya nywele zinazoungua. Na kutoka kwenye kinywa kidogo cha mtoto, kilichokuwa wazi bila kutikisika, zikatoka sauti nyingi kwa pamoja, za wanaume, wanawake na wazee, sauti za umati mzima:

"Mlikuwa mkimtafuta yeye. Mimi hamkuniuliza."

"Wewe hapa si kwako," Mwalimu alisema. "Toka."

"Nitatoka. Mlango ni jicho lake, nalo halitaona tena."

"Sikupi jicho."

"Basi ulimi."

"Sikupi ulimi! Toka kwa amani, au nitakuchoma kwa maneno ya Mola wako."

"Choma," zilisema zile sauti, na mtoto akaanza kubadilika rangi, midomo ikawa ya buluu, shingo ikalegea, na Mwalimu akasoma kwa nguvu zaidi, jasho likimtiririka ndevuni, na kadiri alivyosoma ndivyo mtoto alivyozidi kuwa mzito mikononi mwa mamake, mzito kama gunia lililoloa, mzito kwa namna ambayo Navalayo aliijua tayari, kwa kuwa alikwisha kuibeba mara mbili mpaka makaburini, na hapo akili yake ikakatika kama uzi, akapiga kelele juu ya kisomo, juu ya mvua, juu ya wote:

"Pitia kwangu! Mwache, pitia kwangu, popote!"

"Usiseme popote, mama!" Mwalimu alipaza sauti, lakini neno lilikuwa limeshatoka.

Umati ukamwingia. Ulimwingia kwa kinywa alichokuwa amekifungua, ukamjaa kichwani, uwanja mzima umesimama kwa miguu ukipiga mayowe ya bao ambalo halikuwa na mwisho, mayowe juu ya mayowe, mpaka akahisi mifupa ya uso wake ikiachana, mpaka akashika masikio yake kwa mikono miwili akahisi kitu cha moto kikitiririka kati ya vidole, kulia na kushoto, kikitoka, kikitoka, kikitoka.

Kisha kukatulia.

Alifumbua macho. Harufu ilikuwa imekwisha. Mtoto alikuwa mapajani pake, joto, rangi imemrudia, anatafuta titi kwa pua. Akampa. Akavuta kwa nguvu hadi akamuumiza, na maumivu yale yalikuwa matamu. Alishukuru kwamba hata mvua imeacha.

Mwalimu alikuwa amepiga magoti mbele yake, midomo yake ikienda. Anasoma kimoyomoyo, alidhani. Halafu akaona mzee anamtazama yeye, anasubiri jibu, na machozi yanamshuka. Navalayo akatazama nje kupitia mlango. Mvua ilikuwa inanyesha vilevile, mawe meupe yakiruka uani na juu ya paa la bati la jirani, yakidunda, yakitawanyika, na hakuna hata moja lililotoa mlio.

Joash alimzika mjomba yule mwezi uliofuata. Barnaba ndiye aliyewaonyesha boma la kina Ayuma, na hapo wakalaza kaburini shina la mgomba badala ya maiti, kama desturi ilivyo kwa wafiao mbali, na kasisi akakubali kuomba. Mtoto akaitwa Shitanda. Alinenepa. Mpira haukugonga tena Amalemba, wala kwingine.

Mama Teresa alikaa nao mwaka mzima ili awe masikio ya nyumba. Alipolazimika kurudi Lugari kuvuna, alimwacha mkaza mwanawe kwa wasiwasi mwingi. Lakini Navalayo alikuwa amejifunza njia yake. Kila usiku humlaza mwanawe ubavuni, humwekea kiganja kifuani, na hapo ndipo hupata usingizi. Mtoto akilia, kifua humtetemeka chini ya mkono wake, naye huamka.

Mara nyingine huamka hakuna mtetemo. Huinama gizani, huweka shavu karibu na mdomo wa mtoto, na hungoja hivyo mpaka pumzi imguse.