Mama Aneth Anaonja Tu

Kila asubuhi Verdiana wa Kidodi hufagia kilabu chake, hufunua pipa la pombe, na kuonja. Kila mteja akifika, huonja tena mbele yake, kuonyesha kwamba pombe haina sumu. Ndiyo heshima ya kilabu tangu enzi za mabibi. Na wateja wa Verdiana ni wengi.

"Mke wangu, umelewa," mumewe Beda alimwambia jioni moja.

"Nimelewa na nini? Mimi sinywi. Naonja!"

"Mbona unaongea na mlango?"

"Umenisalimia. Nisiuitikie?"

Siku moja washenga walitarajiwa kutoka Mikumi kumposa binti yao, Aneth. Aneth alimpenda sana kijana aliyewatuma, fundi cherehani. Beda alikwenda stendi kuwapokea wageni. Aneth alikuwa kwa jirani akisukwa. Verdiana alipika wali na jogoo, akaandaa ndoo ya pombe. Pombe ya wakwe lazima ionjwe vizuri. Akaionja vizuri.

Nje, lori la miwa lilipata pancha. Wapakiaji wakaja kuomba maji. Verdiana akapiga vigelegele.

"Karibuni, wakwe zangu!"

"Mama, sisi tunaomba maji tu."

"Maji gani! Mkwe hapewi maji matupu. Kaeni!"

Wakatazamana. Njaa iliwauma. Wakakaa, wakamla jogoo mpaka shingo.

"Haya semeni, binti yangu mnampenda?"

Mmoja akalamba vidole. "Mama, kama ndiye aliyepika, tunampenda sote!"

Beda alipofika na washenga wenyewe, alikuta mifupa, ndoo tupu, na mkewe anakoroma mkekani. Mshenga mkuu, Mzee Ditram, hakuketi.

"Tutarudi baada ya mavuno," alisema. "Tukijaliwa."

Jioni Aneth alilia. "Mama, wasiporudi je?"

Swali hilo lilimchoma Verdiana kuliko matusi. Asubuhi, mikono ikimtetemeka, alikwenda kwa jirani yake Sesilia, mhudumu wa afya wa kijiji.

"Dada, nisaidie. Lakini ujue mimi naonja tu."

"Sawa," alisema Sesilia. "Leo kila ukionja, mimina kiasi kilekile kwenye jagi hili."

Kabla ya adhuhuri jagi lilijaa. Verdiana akaazima sufuria. Nayo ikajaa.

"Nani amekunywa yote haya?" aliuliza.

"Labda mlango," alisema Sesilia. Kisha akaacha utani. "Tumbo halijui kuonja, dada. Linajua kunywa. Na mwili wa mwanamke una maji machache kuliko wa mwanamume. Kiasi kilekile humlewesha zaidi, na ini lake huumia upesi. Ukiona mikono inatetemeka asubuhi, na ukinywa inatulia, ujue mwili umeshaitegemea pombe."

"Basi naiacha sasa hivi!"

"Usiiache ghafla peke yako. Mwili uliozoea unaweza kupata degedege. Twende kituo cha afya, daktari akusimamie."

"Watu watanicheka."

"Wameshacheka, na jogoo wako wamemla. Twende."

Beda naye aliandamana nao. Verdiana alipewa dawa na ushauri. Alifunga kilabu, akaanza kuuza vitumbua na chai. Wateja walinung'unika. Haikuwa rahisi. Kuna siku alitoroka, akaenda kunywa pombe kijiji cha Ruaha. Sesilia hakumtukana. Alimrudisha kwa daktari, wakaanza upya. Mikono ikatulia.

Baada ya mavuno, washenga walirudi.

"Shikamoo, Mzee Ditram," alisema Verdiana, macho maangavu.

"Marahaba, mama."

Aliwalisha, kisha akaanza kuuliza. Kijana anaamka saa ngapi? Anakunywa? Akikasirika hufanya nini? Mke akiugua, nani atapika? Na Mzee, usijibu haraka, fikiri kwanza!

Mzee Ditram alifuta jasho. Akamwinamia mwenzake.

"Tulifanya kosa," alinong'ona. "Tungemposa binti siku ile mama yake amelala."

Aneth alisikia nyuma ya pazia, akaangua kicheko. Posa ikapokelewa.