Nondo ya Shaba Penye Masale

Mwanzo kasoro ilikuwa ndogo: asubuhi redio ilikuwa sahihi, jioni masafa yake yalikuwa yameteremka. Si kwa mengi. Kwa kiasi ambacho mtu wa kawaida angesema sawa tu, akaenda kula. Lakini Wilbert hakuwa na nafasi ya kuwa mtu wa kawaida. Alhamisi angekuja mkaguzi kutoka Dar es Salaam na mashine ya kupimia masafa, na transiva yake, redio ya kupokea na kurusha, ikionekana inateleza, ingepakiwa kwenye Land Rover na kibali cha kuzungumza hewani kisingetoka.

Kibali hicho alikiomba tangu shamba la miwa kule chini lilipopunguza watu na chumba chake cha redio kikafungwa. Ofisi ilimwuliza kwanza kama anamiliki meli. Alipojibu kwamba Mwika, juu ya mteremko wa Kilimanjaro, hakuna bahari, aliombwa athibitishe kwa maandishi. Miaka minne alikaa mbele ya transiva ile, aliyopewa badala ya kiinua mgongo, akiwasikiliza watu wa dunia nzima wakisalimiana, asiruhusiwe kumjibu hata mmoja.

Basi Jumanne rafiki yake Navneet, mwenye duka la vifaa vya umeme mjini Moshi na kibali kilichotundikwa ukutani ndani ya fremu, alipanda kumsaidia kuirekebisha. Ukungu ulikuwa umeshateremka hadi migombani. Mama yake Wilbert, Bibi Digna, alikuwa barazani anachuja mbege, pombe ya ndizi.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba. Umekuja kuliona hilo dude?"

"Nimekuja kulitibu."

"Litibuni basi. Jioni linahema."

Wakacheka, wakaingia ndani.

Kazi yenyewe haina ushirikina. Unatega kituo fulani cha mbali ambacho hakina habari wala muziki. Shughuli yake ni kugonga sekunde, kwenye masafa yasiyosogea hata unywele. Kisha unawasha kristali iliyomo ndani ya redio, nayo itoe mlio wake. Milio miwili isipolingana hupigana: wuu, wuu, wuu. Unazungusha skrubu ndogo kwa bisibisi ya plastiki, na kadiri inavyokaribiana mapigo yanapungua kasi. Yakifa kabisa, redio ni sahihi.

Yalipungua. Wilbert akazungusha kidogo tena, akiwa amebana pumzi, na mapigo yakarefuka, yakarefuka zaidi ya yalivyopaswa, yakaacha kuwa mlio na kuwa pumzi, pumzi ya mzee aliyelala chali, inayovutwa polepole na kutoka na mkwaruzo wa kohozi, huku chumba kikijaa harufu ya mbege iliyochacha ingawa mbege ya barazani ilikuwa mbichi, hadi pumzi nayo ikafa, na katika ukimya ule, katikati ya sekunde na sekunde, kikasikika kitu kingine kinagonga. Kidole juu ya kibuyu kitupu. Mara tatu. Kimya. Mara tatu.

"Wilbert," Navneet alinong'ona, "hiki kituo huwa kinagonga hivyo?"

"Hapana."

"Sasa nani anagonga?"

Sauti ikatoka kwenye spika, kavu, maneno mawili ya Kichagga cha zamani ambacho Wilbert alikisikia mara ya mwisho akiwa mtoto. Nyuma yao mlango ulikuwa umefunguka. Bibi Digna alisimama pale na chujio mkononi, likimdondokea miguuni.

"Anasema ana kiu," alisema.

Navneet akazima redio. Kidole kiligonga mara tatu zaidi, kikaacha.

"Huo waya wenu wa ardhini," bibi akauliza polepole, "mmeuchomeka wapi?"

"Ile nondo ya ethi?" Wilbert alisema. "Pale kwenye kichaka cha masale, mama. Ndipo penye unyevu kuliko kote shambani. Ethi inataka unyevu."

"Na huo unyevu unadhani unatoka wapi?"

Wilbert akageuka kuyatazama masale dirishani.

"Pale amelala babu yako Basili. Tangu naolewa hapa, kila mbege ikiiva namwagia yake kwanza. Padri hajui, na wewe usimwambie. Mlipochomeka hicho chuma nikaogopa umeme. Sijaenda tangu Pasaka."

"Na huko kugonga?"

"Ndivyo alivyokuwa akiniita. Bibi harusi sikuitwa kwa jina. Aligonga kata kwa kidole, mimi nikaleta."

Kesho yake asubuhi Wilbert aling'oa nondo. Bibi Digna alifunga fundo kwenye jani la isale, akaliweka juu ya lile tundu, akamwaga maziwa, akamwaga mbege, akaomba msamaha kwa sauti ya chini. Udongo ulikunywa kwa mkupuo, kwa sauti.

"Hiyo shaba katupe mtoni," alisema. "Imeshamgusa."

"Nitaitupa, mama."

Na alikusudia. Lakini nondo nyingine ya shaba Mwika nzima hakuna, dukani kwa Navneet zilikuwa zimekwisha, na kwenye fomu ya ukaguzi kisanduku cha ethi kilitangulia hata kisanduku cha jina la mwombaji. Akaisugua kwa majivu, akaichomeka nyuma ya banda la ng'ombe, akaunganisha waya. Jioni ile redio haikuteleza. Haikuhema, haikugonga. Wilbert alifurahi mno hata hakujiuliza aliyekuwa akigonga ameenda wapi.

Mkaguzi, Bwana Thadeus, alikuwa kijana wa Masasi, mpole, mwenye vidonda vya tumbo na chupa yake ya maji ya kuchemsha. Bibi Digna alimkaribisha kwa kata ya mbege.

"Samahani, mama. Hiyo kwangu ni sumu."

Akaweka mashine yake mezani, akaweka kiganja juu ya bati la transiva kupima joto, akazitazama namba. Hazikutikisika.

"Imetulia," alisema kwa mshangao wa mtu aliyekuja kuibeba. Akajaza nakala nne, akagonga muhuri. Wilbert alihisi machozi yanamlengalenga.

"Haya, zima sasa."

Wilbert akazima. Namba zikabaki palepale.

"Nimesema zima."

"Nimezima, bwana."

Bwana Thadeus akaitazama fomu, ambayo haikuwa na kisanduku cha jambo hilo. Akafungua kinywa. Kiganja chake kilikuwa bado juu ya bati, kana kwamba kimegandishwa, na harufu ya mbege iliyochacha ikapanda pale mezani, ikamzunguka, na mabega yake ya ujana yakainama polepole kama ya mtu aliyebeba miaka mingi mgongoni. Mkono mwingine ukaiacha chupa ya maji, ukaivuta kata.

Kidole kikagonga. Mara tatu.

Akasema maneno mawili yaleyale ya Kichagga cha zamani.

Bibi Digna aliinamisha macho, akapiga magoti taratibu, mikono juu ya kiti kwa ajili ya magoti yake mabovu, mbele ya kijana ambaye angeweza kuwa mjukuu wake.

"Shikamoo, baba," alisema.

Nje dereva wa Land Rover akapiga honi. Bwana Thadeus hakugeuka. Aliinywa mbege yote, akajifuta masharubu asiyokuwa nayo, akamnyooshea bibi kata tupu, akagonga tena.