Vipande Kumi na Viwili vya Kukhu

Kila jioni Nangila alipotoka shuleni alimpitia ndugu yake mdogo, Mukhisa, kwa jirani, kisha akawasha jiko la makaa na kuinjika sufuria ya maharagwe. Mama yao, Jentrix, aliuza mboga katika soko la Kitale na hakufika nyumbani kabla ya saa kumi na mbili. Baba yao alikuwa dereva wa lori, naye alionekana mara moja au mbili kwa mwezi. Kwa hiyo saa hizo za jioni nyumba ilikuwa mikononi mwa Nangila, ambaye alikuwa na umri wa miaka kumi na miwili.

Katika stoo kulikuwa na gunia alilokatazwa kuligusa. Lilikuwa la nyanya yake, ambaye wajukuu wote walimwita Kukhu, kama wanavyosema Wabukusu. Kukhu alikuwa fundi cherehani kwa miaka mingi, na hakutupa kitambaa hata kimoja. Mabaki ya sare za shule, vitenge vya kutoka Lwakhakha na mashuka makuukuu aliyaunganisha kwa mkono yakawa vipande vya mraba, akikusudia kuwashonea binti zake wawili blanketi, kila mmoja lake. Lakini alishona kulingana na kitambaa alichokuwa nacho siku hiyo. Kipande kimoja kingeweza kufunika stuli, kingine hakikuzidi sahani. Alifariki mwezi wa Februari mwaka 2005, kabla hajaviunganisha. Siku za matanga Jentrix alivihesabu mbele ya jamaa wote, vikawa arobaini. Akasema vitakaa kwake mpaka yeye na mdogo wake, Sally, ambaye naye alikuwa fundi cherehani mjini Bungoma, wapate nafasi ya kugawana.

Mwezi wa Juni Mwalimu Kimutai aliwaambia wanafunzi wa darasa la sita kila mmoja alete kitu alichokishona mwenyewe. Nangila akalifikiria lile gunia. Aliona kwamba vipande kumi na viwili vingetosha kitambaa cha meza, na kwamba katika arobaini hakuna ambaye angegundua. Tatizo lilikuwa ukubwa. Basi akachukua kile kilichokuwa kidogo kuliko vyote, akakiweka juu ya vingine, na kwa mkasi akakata kila kilichozidi.

Mkasi ulipopita juu ya mishono ya Kukhu, nyuzi zilikatika. Nangila alipovivuta vile vipande ili aviunganishe, vilifumuka mikononi mwake, kimoja baada ya kingine. Akabaki na vitambaa vitupu na lundo la mabaki membamba. Alivitia vyote katika mfuko wa karatasi, akauficha nyuma ya magunia ya mahindi. Shuleni alipeleka leso ya mkononi aliyoipinda ukingo, akapata alama tano kati ya kumi.

Wiki mbili baadaye Sally alituma habari kwamba angekuja Jumamosi ili wagawane. Jentrix alilifungua gunia, akahesabu, akahesabu tena. Vilikuwa ishirini na vinane. Akamwita Nangila na kumuuliza kama aliwahi kumwona mtu yeyote akilifungua.

"Mama mdogo alilifungua," Nangila alisema. "Wakati wa Pasaka, alipolala hapa."

Hilo lilikuwa kweli. Sally alilifungua siku ile, akavishika vipande kimoja kimoja, akalia kidogo, kisha akalifunga kama lilivyokuwa. Hayo mengine Nangila hakuyasema.

Jentrix alichukua simu. Maneno yake yalisikika mpaka kwa jirani. Alimwambia mdogo wake kwamba angeomba tu angepewa, na kwamba hakutarajia mtu aliyezaliwa naye tumbo moja amwibie marehemu mama yao. Sally alikana. Jentrix akakata simu, halafu akawapigia jamaa zao wa Mabanga, alikokuwa akiishi Kukhu, akawaeleza yaliyotokea. Jumamosi ilifika na Sally hakuja.

Tangu hapo nyumba haikuwa na raha. Jentrix alirudi kutoka sokoni, akala vijiko viwili vitatu, akaenda kulala. Mukhisa alipouliza mama mdogo atakuja lini, aliambiwa anyamaze. Nangila alijaribu kusema ukweli mara tatu. Mara ya kwanza mama yake alikuwa amechoka, mara ya pili kulikuwa na wageni. Mara ya tatu hakuwa na kisingizio chochote, aliogopa tu. Darasani Mwalimu Kimutai alikuwa akimwita jina mara mbili ndipo asikie.

Shule zilipofungwa mwezi wa Agosti, Jentrix alilifunga gunia kwa kamba na kumwambia Nangila alipeleke Bungoma, pamoja na jirani aliyekuwa akisafiri kwenda huko.

"Mwambie achukue vyote," alisema. "Mimi sitaki kuviona tena."

Nangila alikwenda nyuma ya magunia ya mahindi, akautoa ule mfuko wa karatasi na kuusukuma ndani kabisa ya gunia la Kukhu.

Alimkuta Sally ameinama juu ya cherehani. Alimkaribisha vizuri, akampa chai, lakini gunia hakutaka hata livuke mlango.

"Lirudishe kwa mama yako," alisema. "Nikilipokea, si nitakuwa nimekubali kwamba mimi ni mwizi? Juzi nilikwenda Mabanga, mtu akaficha mkoba wake aliponiona naingia." Akageuka akatazama ukuta.

Muda huo wote Nangila alidhani ni mama yake tu aliyekuwa akiumia. Alifungua kamba, akautoa mfuko, akavimwaga vile vitambaa sakafuni.

"Ni mimi, mama mdogo. Nilivikata. Halafu mama aliponiuliza, nikakutaja wewe."

Sally aliinama akaviokota kimoja kimoja. Hakumpiga wala hakumkaripia. Alisema tu kwamba kesho yake wangekwenda Kitale pamoja. "Lakini utasema wewe mwenyewe. Mimi sitakusaidia hata neno moja."

Na ndivyo ilivyokuwa. Nangila alisimama mbele ya mama yake akaeleza yote, hata lile la Pasaka. Jentrix alisikiliza mpaka mwisho. Alimgeukia mdogo wake akataka kumwomba radhi, machozi yakamzuia. Ulipita muda kabla Sally hajampa mkono.

Baada ya chakula Sally alivitandaza vipande vyote sakafuni, akamwonyesha Nangila jambo ambalo, kama angeuliza tangu mwanzo, angefundishwa. Kipande kikubwa hakikatwi ili kifanane na kidogo. Kile kidogo ndicho kinachoshonewa utepe wa kitambaa pande zote mpaka kilingane na kikubwa. Vile vilivyofumuka ndivyo vilivyotoa tepe, na vilivyokuwa vidogo mno viliunganishwa vinne vinne. Likizo nzima Nangila alishona huku wenzake wakicheza nje, vidole vikimuuma. Hiyo ndiyo adhabu aliyopewa. Mwisho wa Agosti mablanketi mawili yalikuwa tayari, kila moja na mishono iliyopinda hapa na pale.

Sally alipokuwa akikunja lake ili arudi Bungoma, Nangila alimuuliza mama yake kama sasa mambo yamekwisha.

"Mablanketi yamekwisha," Jentrix alisema. "Kukata vitambaa lilikuwa kosa la mkono. Ungeniambia siku ile ile, tungeshona upya. Lakini ulinipa nusu ya ukweli, na mimi bila kuuliza vizuri nikaitumia kumchafulia ndugu yangu jina. Mabanga bado wapo wanaoamini Sally ni mwizi. Jumapili tutakwenda huko, mimi na wewe, nyumba kwa nyumba, tuwaambie ilivyokuwa. Mtu akikosea aseme mapema, mwanangu, kabla mwingine hajabebeshwa kosa lake."

Jumapili asubuhi Nangila ndiye aliyekuwa wa kwanza kuvaa viatu.