Kuku wa Mguu Mmoja

Kila siku akitoka shuleni, Exaucée alipita kwa jirani yao wa mtaa wa Naviundu, Papa Léonard, mchoraji wa picha za vitabu. Mwaka huu alikuwa akitengeneza kitabu chake mwenyewe, kumbukumbu za vita vilivyomfukuza kutoka mji wa Pweto akiwa na miaka kumi na miwili tu. Alichora kwa makaa, yale yale ya kupikia, na vidole vyake vilikuwa vyeusi hata Jumapili kanisani. Exaucée aliamini kwamba Lubumbashi nzima haina fundi kama yeye. Mimi pia sibishi.

Siku moja mwalimu wa Exaucée, Madame Benita, alitangaza kwamba mchoro bora utabandikwa ukutani siku ya wazazi. Exaucée aliutamani ukuta ule mno. Akachukua mchoro wa zamani wa Papa Léonard bila kuomba, akauegemeza kwenye kioo cha dirisha, akaweka karatasi yake juu na kufuata mistari: mama mwenye furushi kichwani na kuku mkononi.

Kesho yake darasa zima lilishangilia.

"Muzuri sana!" alisema Madame Benita. "Lakini hii kuku iko na muguu moja. Juu ya nini, sababu gani?"

Exaucée alitazama. Kweli, mmoja! Hakuwa ameona.

"Nitauliza Papa Léonard, Madame."

"Utamuuliza? Si ni weye ulichora?"

Darasa likaangua kicheko. Exaucée akakiri yote huku machozi yakimtoka, na jioni akaurudisha mchoro.

"Papa, unisamehe. Niliiba picha yako."

Papa Léonard aliuweka mchoro mezani.

"Tulikuwa tunakimbia vita, tunapumzika mu njia, na mimi ninachora," alisema. "Mbele ya kumaliza ile kuku, mama akasema: simama, tunaenda. Ile kuku tuliikula magaribi. Sikuongeza muguu, juu sitaki kuchora kintu chenye sikuona."

Akampa kipande cha makaa. Exaucée alichora siku tatu. Ukutani ulibandikwa mchoro wa Merdi, mwanafunzi mwenzake, na ilimuuma. Hata hivyo alimpelekea Papa Léonard mchoro wake mwenyewe: mama yake akichota maji.

"Hii ndoo, juu ya nini haina mukono?"

"Ilivunjika juzi, Papa. Mama anaibeba na kamba."

Papa Léonard akacheka, akaubandika ukutani juu ya meza yake.

"Unaona, mwanangu? Ya kuiba hauwezi kuieleza. Ya jasho yako, hata ikiwa kombo, utaijibia."