Mzee Wangu na Nafasi ya Pembeni

Hadithi hii nilipewa na mjane mwenyewe, mwaka jana, tukiwa kwenye benchi la zahanati tunasubiri dawa zetu za presha. Foleni ilikuwa ndefu, naye ni mtu wa kusimulia kwa kituo, kwa hiyo sikukosa hata chembe.

Mjane huyo ana binti mmoja, fundi cherehani. Baba mtu alipofariki, mama hakuwa na nguvu ya kutoka, kwa hiyo binti ndiye aliyekwenda ofisi ya makaburi. Aliondoka mbiombio na gauni lake la zambarau alilojishonea, futi ya kupimia ikiwa bado inaning'inia shingoni.

Ofisi ilifurika watu. Kila mmoja na msiba wake, na kila mmoja aliona wake ndio wa haraka. Alipofika dirishani, karani akainua macho, akaiona ile futi.

"Pole sana, dada. Lakini vipimo huku huwa tunachukua wenyewe."

Binti akajishika shingo, kicheko kikamtoroka katikati ya machozi. Hapo ndipo alipomtazama. Shati jeupe lililopigwa pasi likanyooka, ila kifungo cha pili kimeshonwa kwa uzi mweusi. Fundi huona kifungo kabla hajaona uso. Lakini uso nao aliuona, na haukuwa mbaya.

"Ni mzee wangu," akasema. "Nataka nafasi ya kumlaza, na ya pembeni ibaki."

"Ya mke?"

"Ndiyo, ya mke."

Tabasamu la karani likazimika. "Pole sana, mama."

Binti akashangaa. Sasa hivi alikuwa dada, mara ameshakuwa mama! Akadhani ni heshima za kiofisi.

Wakaenda kuchagua. Karani akamtoa kwenye nafasi ya langoni, kelele za magari tupu. Akamtoa na ya bondeni, maana mvua ikinyesha maji hutuama. Akampeleka juu karibu na ukuta, jua la asubuhi linapoanzia. "Hapa ningemlaza wangu," akasema. Binti akalipa hapo hapo, na kesho yake mzee akazikwa.

Karatasi ya nafasi ya pembeni ndiyo iliyochelewa, ikisubiri mhuri. Basi simu zikaanza.

"Shikamoo, mama. Mhuri bado."

"Mhuri bado, na hiyo shikamoo ya nini? Unanizeesha!"

"Basi habari za cherehani?"

"Inakuulizia kile kifungo chako."

Simu ya mhuri ikawa ya mvua, ya mvua ikawa ya utotoni, mpaka gauni la mteja likaungua kwa pasi. Mama mtu chumbani alisikia yote. Tangu mzee azikwe, usingizi ulikuwa umemkimbia. Kila akigeuka, mkono unapapasa upande mtupu.

Halafu siku moja karani akapiga. "Mama, kuanzia leo mwenzangu ndiye atakayekushughulikia. Mimi... si vizuri."

"Nimekukosea nini?"

"Hujakosea. Ni mimi."

Simu ikakatika. Binti akajua tu: ana mke huyo! Siku tatu akashona mikono ya kushoto ya magauni upande wa kulia.

Mhuri ulipotoka, mama akasema anataka kupaona kwa macho yake. Mwenzake karani alikuwa mgonjwa, ikabidi mwenyewe awapeleke. Akatangulia mbele, hatazami nyuma. Mama akasimama kaburini, akapima kwa macho.

"Mmeniweka kulia. Mimi nalala kushoto, upande wa mlango. Miaka arobaini na moja!"

Karani akainama kwa adabu. "Samahani, bibi. Nafasi hii ni ya mke wa marehemu."

"Na mimi ni nani? Yaya wake?"

Karani akamtazama mama, akamtazama binti. "Si ulisema ni mzee wako?"

"Ndiyo, mzee wangu! Baba yangu!"

"Mimi nilijua mume!"

"Mume, ana miaka sabini na tatu?"

"Niliiona kwenye cheti. Nikasema, mapenzi hayana macho." Akajifuta jasho. "Nikawa najiona mtu mbaya, namtamani mjane ambaye udongo wa mumewe haujakauka. Ndiyo maana nikakimbia."

Binti akacheka mpaka akashika ukuta. Karani akahamisha kigingi cha alama upande wa kushoto, ambako bado palikuwa wazi, kisha akajikaza.

"Dada..."

"Leo nimekuwa dada tena?"

"Dada, una nafasi Jumamosi?"

Mama akageuka kwa ukali. "Nafasi gani tena? Si tumeshalipia?"

Jumamosi karani akaja, shati lile lile mwilini. Binti akamshonea kifungo kwa uzi mweupe bila kumvua, na pale pale, sindano ikiwa karibu na kifua, karani akamwambia anataka kumuoa.

"Usitikisike, nitakuchoma."

"Nijibu kwanza."

"Nitakubalije mtu anayeniita mama?"

"Mpenzi, basi."

"Haya. Nimekubali, mpenzi. Sasa tulia."

Jioni mgeni aliaga, binti akaoga akalala, midomo bado ina tabasamu. Mama akaitia ile karatasi ya mhuri chini ya mto. Akajilaza kushoto, upande wa mlango, akanyoosha mkono palipokuwa pa mzee. "Pako papo, na pangu papo," akamwambia. Wala hakupapasa tena. Usingizi ukamchukua.