Tuliitikia "Mhola", Moshi Ukabaki

Nina miaka arobaini na mitatu, mjane, mkulima wa pamba hapa Dutwa. Nawasimulia haya nikiwa nimechoka, ndugu zangu. Hata hasira imeniishia...

Nyuma ya nyumba yetu kuna mtambo wa kufua umeme wa kinu cha pamba. Unachoma maganda ya pamba na mafuta machafu. Moshi wake sasa! Unaanika shuka jeupe, unaanua la kijivu. Mama yangu mzazi, niliyekuwa naishi naye, alikuwa na pumu. Upepo ukigeukia kwetu, alikaa kitandani ameshika magoti, akiitafuta pumzi.

Tulilalamika hadi wilayani. Mwishowe tukaambiwa mkaguzi wa mazingira atakuja, na akiona kweli tunaumia, mwenye mtambo atalazimishwa kufunga kichujio kwenye bomba la moshi. Jamani, nilipiga vigelegele! Mama akasema sasa atalala.

Mkaguzi alikuwa mgeni, Kisukuma hajui. Wazee wetu wengi nao Kiswahili kinawapiga chenga. Tukamchagua kaka yangu Masanja, tumbo moja na mimi, awe mkalimani. Nani angeijua shida ya mama kuliko yeye?

Siku ya ukaguzi mtambo ulizimwa tangu alfajiri. Anga safi kabisa! Nikajipa moyo, si kitu, tutasema wenyewe. Mkaguzi akauliza kama moshi unatusumbua. Masanja akatugeukia, akatabasamu: "Mwangaluka! Mhola?"

Kwetu salamu ni salamu. Hata kama una mgonjwa mahututi ndani, unajibu kwamba ni salama, ndipo uanze kueleza shida. Tukaitikia wote kwa nguvu, "Mhola duhu!" Mama na kifua chake kile akaitikia. Nami pia... Tukabaki tunasubiri swali.

Swali halikuja. Masanja akamwambia mkaguzi, "Umewasikia mwenyewe, wanasema ni salama tu."

Nilipiga kelele! Nikamkimbilia mkaguzi hadi kwenye gari, nikimweleza kwamba ile ilikuwa salamu tu. Akanijibu kwa upole, "Mama, si nimekuona ukiitikia na wenzako?" Akaondoka. Jioni mtambo ukawashwa.

Haukupita muda, Masanja akaonekana na sare ya ulinzi kwenye geti la mtambo. Kumbe ndiyo bei yetu!

Mama hakuiona masika. Alikata roho asubuhi, madirisha yamefungwa, matambara tumeyasokomeza chini ya mlango kuzuia moshi. Msibani Masanja alilia kuliko sisi sote, na naamini alilia kweli. Lakini kilio chake kitamrudisha nani?

Kichujio hakijafungwa mpaka leo. Wenzangu mnaoishi jirani na mitambo, nawaomba sana, mkaguzi akija simameni mseme kwa vinywa vyenu, hata kwa Kiswahili cha kuokoteza. Pumzi yako usikubali kusemewa, hata na mtu mliyenyonya naye ziwa moja!